Gari la Kumtoa Mwanakombo Edani

Ujiji, Kasingirima
20 Januari 1997

Mpwa wangu Nuhu,

Mimi mjomba wako Iddi nina miaka sabini na minne, na wale wanaokwambia huko Dar es Salaam kwamba nimechoka, wasomee barua hii. Mjerumani nilimkosa kidogo tu, lakini Mwingereza nimempita, Mbelgiji wa ng'ambo nimempita, wake wawili nimewazika, na injini za mitumbwi zilizofia mikononi mwangu hazina hesabu. Kipindupindu kilichozoa watu hapa kilifika mlangoni kwangu, kikabisha hodi, kikaona mwenye nyumba ni nani, kikaenda zake. Barua hii naiandika mwenyewe, sikumpa mtu. Cheti changu cha kisomo cha watu wazima kipo ukutani mpaka leo, ingawa kalamu kwangu ni nzito kuliko kafi.

Tumefunga salama. Mke wangu Hasna anakusalimu, goti lake linamsumbua. Sukari imepanda, unga umepanda, mji umejaa watu waliokimbia vita, wengine wamelala kwenye baraza za maduka na huwezi kupita bila kuruka miguu ya mtu. Dagaa wanaliwa kabla hawajakauka.

Sasa neno lenyewe. Simu ya maandishi uliipata kwamba Abdulkarimu, mume wa mama yako, amefia kambini kabla ya mwezi kuandama. Hakuwa baba yako wa kukuzaa, lakini muombee. Alikuwa mtu wa Uvira mpole, hakujua kubishana, ndiyo maana vita vilimkimbiza mapema. Mama yako nilimwambia tangu walipovuka ziwa, njoo kwangu Ujiji, wewe ni wa hapa. Akasema mume ni mgeni, sheria inampeleka kambini, nami nafuata mume wangu. Haya. Sasa mume hayupo. Anakaa eda ndani ya kibanda cha turubai kule Nyarugusu, na mkuu wa kambi amekubali kwamba kwa kuwa dada yangu Mwanakombo alizaliwa hapa, eda ikiisha mwezi wa tano nimchukue. Kwetu mjane hatoki edani peke yake kama kuku aliyefunguliwa banda. Kaka yake anakwenda, anampelekea nguo mpya, anamtoa yeye mwenyewe. Na mimi nitamtoa kwa gari langu.

Ndiyo nakuja kwenye gari. Ile pikapu unajua niliinunua mpya, haikuwa na kilomita hata moja, kwa kodi ya nyumba yangu ya Katubuka waliyopanga wazungu wa misaada. Tangu nilipokwenda kumzika Abdulkarimu inakohoa mlimani Kasulu, inatoa moshi, asubuhi haitaki kuwaka. Dizeli imekuwa haba kwa sababu malori ya misaada yanainywa yote, lakini mimi sijalilaza gari hata siku moja. Mwenye akili hakosi njia. Gervasi fundi wa Mwanga amejileta na spana zake akitaka kulifungua. Nimemfukuza. Mimi nina dhamana ya kampuni, imepigwa muhuri, na imeandikwa wao ndio watakaolitengeneza. Nimelipakia kwenye behewa la mizigo. Lipokee, lipeleke kwa wenyewe, walirudishe kabla eda haijaisha.

Nimemtumia mama yako neno: usitoke hapo, usipande chombo cha mtu yeyote, mpaka unione.

Mimi mjomba wako,
Iddi


Dar es Salaam, Temeke
19 Februari 1997

Mjomba, shikamoo.

Idi imepita salama. Yusra anakusalimu, na mtoto ameanza kusimama akishika ukuta. Mpe pole mke wa mjomba kwa goti.

Gari limefika. Treni ilichelewa kwa kuwa reli ilikuwa imeliwa na maji njiani, na kioo kimoja cha pembeni kimebaki huko huko njiani. Halikuwaka, kwa hiyo nilikodi gari la kulivuta hadi kwenye kampuni.

Mjomba, pale si gereji kama tunavyoijua. Unaingia kwenye ukumbi wa marumaru, unakalishwa kwenye kochi, unapewa maji baridi. Gari linapelekwa nyuma ya mlango ulioandikwa wateja hawaruhusiwi, na tangu hapo hulioni tena. Anayezungumza nawe ni bwana mmoja anaitwa Pastory, amevaa tai, mikono yake misafi kuliko yangu. Kwanza alinitoza ada ya kuliangalia. Nikamuuliza kama kuangalia nako kunalipiwa. Akanijibu, "Daktari wako anakuangalia bure?"

Baadaye alisema pampu ya dizeli imekufa. Nikampa dhamana yako. Aliisoma kwa heshima kabisa, akasema dhamana inalinda gari, lakini pampu, vichujio, mipira, betri na kazi ya mikono havimo. Nikamuuliza kilichomo ni kipi. Akafikiri, akasema bodi.

Bei ya pampu nimekuandikia kwenye karatasi ya pili, uisome ukiwa umekaa.

Mjomba, nina wazo, na usinikasirikie. Eda ikiisha naweza kuomba likizo nije nimchukue mama kwa basi. Au aje na gari lolote la mtu mwema. Jambo kubwa ni afike nyumbani. Kwenye barua aliyoandikiwa na jirani yake Honorata anasema turubai linavuja upande wa kitanda.

Mpwa wako,
Nuhu


Ujiji
9 Machi 1997

Mpwa wangu Nuhu,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Hasna goti limehamia la pili. Mvua inapiga mpaka njia ya Bangwe imekatika.

Karatasi ya pili nimeisoma nikiwa nimesimama, na sikuanguka. Nimeuza nyavu zangu zote mbili kubwa na ule mtumbwi wa mvule, fedha nimemkabidhi mtu wa posta mbele ya watu. Waweke pampu mpya, si ya kuchongwa. Waambie ni ya Mzee Iddi wa Ujiji.

Habari ya basi usiniandikie tena. Wewe ni mtoto wake, na mtoto hamtoi mama edani, hilo ni la kaka. Na hapa napo wamenianza. Feliksi, yule mwenye lori la mawese, alinikuta msikitini, yeye si wa msikiti, alisimama nje akanisubiri. Akasema, mzee, mimi kila wiki napita Makere, jirani na kambi, dada yako atakaa mbele na mimi, bure. Nikamuuliza mbele hiyo anakaa nani siku nyingine. Akasema utingo wake, na mbuzi akiwepo. Nikamshukuru nikamwambia dada yangu si mbuzi. Akacheka akasema, "Basi mzee, mbuzi wangu amefika mjini, dada yako bado."

Watu wote waliokuwa wanavaa viatu walicheka. Sijali. Nimeendesha injini kwenye ziwa hili kabla baba yake hajajua kuwasha kibiriti. Watacheka vizuri zaidi gari likiteremka behewani.

Turubai linalovuja nimesikia. Nimempelekea karatasi ya nailoni kwa mkono wa mtu.

Iddi


Dar es Salaam
2 Aprili 1997

Mjomba, shikamoo.

Natumaini barua hii inawakuta wazima. Huku joto ni kali na mtoto ametoka vipele, lakini anakula.

Pampu mpya waliifunga. Gari liliwaka, likaenda mpaka kwenye geti la kampuni, likazimika. Wakalirudisha ndani, wakasema sasa ni injini yenyewe, na kuifungua ni kazi nyingine yenye malipo mengine. Nilibishana nao kwa sauti mpaka wateja wa kwenye makochi wakageuka. Ndipo Pastory akasema, njoo uone mwenyewe, ili usije ukasema tunakuibia. Wakanipitisha ule mlango.

Mjomba, nakwambia nilichokiona. Kwenye tangi, kwenye mipira, kwenye kila kitundu, kuna kitu chekundu kimeganda kama nta. Mafundi wao wamezunguka wanakikwangua kwa bisibisi. Mmoja alidhani ni grisi ya aina mpya. Mwingine alisema ni rangi. Pampu mpya uliyoiuzia nyavu nayo imeshakula kitu hicho hicho na imeharibika. Nilichovya kidole nikanusa. Nilikumbuka mchuzi wa migebuka wa mke wa mjomba.

Pastory akaniuliza, "Unakijua?"

Nikasema sikijui. Lakini walipeleka kidogo kupimwa, na majibu yamesema ni mafuta ya kula. Dhamana wameifuta, hata ile ya bodi.

Nakuuliza kwa heshima, mjomba. Ulichanganya mawese na dizeli? Unajua mwenyewe mawese yanaganda kwenye chupa wakati wa kipupwe, sembuse baridi ya mlima wa Kasulu. Niambie tu ukweli, ili mafundi wajue pa kusafisha. Siulizi kwa kukulaumu.

Wanataka injini isafishwe yote na pampu nyingine iagizwe ng'ambo, inakuja kwa meli. Eda inaisha mwezi ujao. Tafadhali fikiria tena habari ya Feliksi.

Nuhu


Ujiji
24 Aprili 1997

Mpwa wangu,

Idi ya kuchinja tumeila kwa jogoo. Hasna anakusalimu, anauliza vipele vya mtoto, anasema wampake maji ya mwarobaini.

Unaniuliza mawese kama hakimu. Nakujibu hivi, mafuta ni mafuta. Taa ya bibi yako iliwaka kwa mawese, akasomea watu khitma nyumba nzima ikaona. Sabuni iliyokuogesha wewe ni ya mawese. Nywele za mama yako siku ya harusi yake zilipakwa mawese. Ukoo mzima umewaka na kuteleza kwa mawese, hakuna aliyezimika mlimani. Kama gari lao ni la kiungwana hivyo, haliwezi kula chakula cha Kigoma, wangeandika kwenye mlango wake. Sisemi nimetia, sisemi sikutia. Nasema nililipa fedha halali nikapewa kitu chenye muhuri, na muhuri haukutaja mawese.

Waagize pampu. Shamba langu la michikichi la Simbo nimeliuza kwa yule Feliksi. Ndiyo, yeye huyo. Aliniangalia usoni akiniuliza kama nimefikiri vizuri, kama mtu anayemuuliza mtoto. Nikamwambia tia saini.

Nguo za mama yako nimeshanunua. Doti ya kanga, gauni, viatu vya kufunga, udi na manukato ya Unguja. Vipo sandukuni. Sivitumi kwa mtu, navipeleka mimi.

Iddi


Dar es Salaam
30 Mei 1997

Mjomba, shikamoo.

Huku hatujambo. Yusra anasema ahsante kwa dawa ya mwarobaini.

Kampuni inasema meli iliyobeba pampu bado haijafunga gati. Na wameanza kunitoza pa kuegesha, kwa kila siku gari linapolala kwao. Nilimwambia Pastory kwamba gari lenyewe halina injini, limeegemea magogo, linaegeshaje. Akasema nafasi ni nafasi. Sikuandika kiasi chake kwa kuwa kitakuwa kimeongezeka kabla hujaisoma barua.

Lakini si hilo lililonifanya nishike kalamu leo. Honorata ameniandikia. Eda ya mama imekwisha wiki mbili zilizopita, na mama hatoki nje. Wanawake wenzake walikuja na maji na nguo za kumwogesha na kumtoa. Amekataa. Amesema kaka yake alimletea neno asitoke mpaka amwone, na yeye kaka yake anamjua. Chakula cha mgao anachukuliwa na Honorata. Anakwenda chooni akijifunika, anarudi ndani, anakaa. Watoto wa kambi wanachungulia kwenye tundu la turubai kumwona mjane asiyemaliza eda.

Mjomba, wewe uko mwendo wa siku moja kutoka kwake. Kuna mabasi. Panda basi, nenda na sanduku lako la nguo, umtoe, urudi naye kwa basi hilo hilo. Nani atakayekucheka? Na akikucheka, itakuwaje?

Nakuandikia haya mimi uliyenilea, na sijawahi kukuandikia hivi.

Nuhu


Ujiji
15 Juni 1997

Nuhu,

Salamu.

Nani atanicheka, unauliza. Wewe siku ya harusi ile ulikuwa shuleni, hukuona. Baba yako alipokufa, mama yako alikaa kwangu miaka, hakukosa kitu. Akaja Abdulkarimu akamposa. Siku ya kumpeleka Uvira mimi nilikuwa sina kitu, injini yangu ilikuwa imekufa, nikamtafutia nafasi kwenye boti la biashara. Walimkalisha juu ya marobota ya dagaa. Bibi harusi, na hina yake mikononi. Wanawake wa ng'ambo walipompokea walifunga pua, na yeye alicheka nao, ndivyo alivyo. Mimi nilisimama majini mpaka kiunoni nikamwambia, Mwanakombo, umeondoka juu ya dagaa, lakini utarudi umekaa kwenye kiti chako. Watu walisikia. Wengine wako hai, wanapita hapa mlangoni kila siku na wanaliona banda la gari liko tupu.

Hatarudi juu ya magunia ya Feliksi. Hatarudi kwa basi ameshika tenga la kuku wa mtu. Amesubiri miaka, atasubiri meli.

Nyumba ya Katubuka nimeiweka rehani. Lipa maegesho.

Iddi


Dar es Salaam
21 Agosti 1997

Mjomba, shikamoo.

Gari limepona. Nimeliendesha mwenyewe kutoka kwenye kampuni mpaka stesheni na halikukohoa. Pastory alinisindikiza mpaka mlangoni, akanipa kalenda ya kampuni nikupelekee. Nimeiacha kwenye kiti. Gari limepakiwa leo, litafika pamoja na barua hii au mbele yake.

Tafadhali tia dizeli tupu.

Na likifika, mjomba, usilioshe, usiwaite watu kuliona, usingoje Ijumaa. Nenda siku hiyo hiyo. Siwezi kusema zaidi. Nenda tu upesi.

Nuhu


Ujiji
3 Septemba 1997

Nuhu,

Hasna anakusalimu. Mimi sikusalimu bado.

Gari liliteremka behewani Jumatano. Nililiosha, ndiyo. Huwezi kwenda kumtoa mtu edani na gari lenye vumbi la Tabora. Watu walikuja kuliona, sikuwaita, walikuja wenyewe, na yule Feliksi alilizunguka mara mbili. Alhamisi alfajiri nikaondoka. Niliendesha peke yangu, Hasna nilimwacha apike pilau. Sanduku la nguo nililiweka kwenye kiti cha mbele, mahali pake yeye. Dizeli tupu, umefurahi? Lilipanda mlima kama halijui kuwa ni mlima.

Nimepita Kidahwe nikanywa chai. Mbele ya hapo nikakutana na msafara wa malori ya misaada yanateremka kuja Kigoma, yamejaa wakimbizi wanaorudi kwao. Wanasema vita vimekwisha huko, meli inawasubiri bandarini. Njia ni nyembamba. Mimi nikasogea pembeni kabisa, nikasimama, kwa adabu, yapite. Wamesimama juu ya malori, wameshika mabomba ya lori, mabunda yao, masufuria, wengine wanaimba, wengine wamenyamaza. Niliwapungia mkono. Nilishuka hata nikafuta kioo cha mbele vumbi lao lisikae. Niliwaonea huruma, wallahi, nikasema moyoni watu hawa hawana ndugu wa kuwachukua.

Nikafika kambini adhuhuri. Leonardi mlinzi wa lango akaandika namba ya gari, akasifu. Nikauliza kibanda cha Mwanakombo. Honorata akanipeleka. Turubai limeshang'olewa, limekunjwa limewekwa jiwe juu. Kuna mafiga matatu na jivu la asubuhi ile ile. Nikamuuliza amehamishiwa wapi. Honorata, ni mwanamke mtaratibu, akasema, "Baba, hamkukutana njiani?"

Niligeuza gari. Sijui nilivyoteremka ule mlima. Nimefika bandarini jua linazama, meli imeshaondoka, pale gatini watu wanafagia. Pilau Hasna amewagawia majirani.

Sasa nakuuliza wewe kama ulivyoniuliza mawese. Ulijua?

Iddi


Dar es Salaam
18 Septemba 1997

Mjomba, shikamoo.

Nilijua. Mama alijiandikisha kurudi tangu mwezi wa saba. Aliniapisha nisikwambie, na niliapa kwa jina la baba yangu. Nilichoweza ni kukuhimiza, na nilikuhimiza.

Siwezi kukuficha zaidi, kwa hiyo nakunakilia maneno aliyonitumia kutoka Uvira, ameandikiwa na mtoto wa jirani. Nimeyaweka kama yalivyo.

"Mwambie kaka yangu sijamkasirikia. Edani nilijitoa mwenyewe, Honorata aliniazima kanga nikamrudishia. Yeye alitaka kuniletea gari. Mimi nilikuwa namsubiri Iddi, hata angekuja kwa miguu. Nilipoona mwezi wa saba umeingia, nikajua siku gari likifika nitakuwa mgeni wa gari, watu watakuja kuliona, na mimi nitakaa pembeni na kanga mpya. Hapa nyumba yangu imebaki kuta mbili, lakini ni zangu.

"Na umwambie nilimwona. Tulipita karibu, ningenyoosha mkono ningemgusa kofia. Alikuwa anafuta kioo. Gari ni zuri, asiseme sikulisifu. Yeye amezeeka, shingo imekuwa nyembamba. Wenzangu waliniambia gonga lori, umwite. Sikugonga. Angesimamisha msafara mzima ili watu waone ananipandisha, na mimi mbele ya watu wale wote nisingeweza kumkatalia."

Ndivyo alivyosema. Kampuni imeleta hati nyingine ya maegesho, nitailipa mimi.

Mpwa wako,
Nuhu


Ujiji
12 Oktoba 1997

Mpwa wangu Nuhu,

Salamu kwako na Yusra na mtoto. Hasna goti limetulia. Mvua zimeanza mapema na zina nguvu ambayo sijawahi kuiona, na mimi nimeona mvua.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, kwa hiyo nilichelewa. Kalamu ya mama yako, hata akiandikiwa, naijua.

Wenye rehani ya Katubuka wanataka chao. Nimewapa gari. Walilijaribu mpaka Gungu na kurudi, wakalikubali bila neno. Sanduku la nguo nalipeleka kwa boti la Jumamosi linalokwenda Uvira. Nilitaka kwenda nalo mimi, lakini nahodha ameniangalia akasema mzee, ziwa limechafuka. Nimemjibu anachostahili. Tutaona Jumamosi.

Hapa mjini wanasema mambo. Wanasema Mzee Iddi alimwacha dada yake kwenye turubai kwa sababu ya pikapu. Wanasema sikuondoka Ujiji. Wanasema nililiosha gari nikalizungusha mpaka Mwanga nikarudi. Wewe uko mji mkubwa, ukisikia hayo uwajibu hivi: nilikwenda. Siku ile nilikwenda. Anayebisha akamuulize Veneranda anayeuza chai Kidahwe, nilimwambia naenda kumchukua dada yangu, akanipa sukari ya ziada. Akamuulize Leonardi wa lango, namba ameiandika. Akamuulize Honorata, aliniona nimekaa kwenye mafiga yale ya Mwanakombo akaniletea maji.

Na kama hao ni watu wa mbali hawaamini, wavuke ziwa wakamuulize Mwanakombo mwenyewe. Yeye aliniona.

Iddi